Fainali Iliyotangazwa Chooni

Waya ulikatika.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na wiki nzima mmenisema kana kwamba niliukata mimi. Muuza nyama wetu aligoma kunipimia soseji mpaka nimwambie kitakachotokea. Sikumwambia. Nimekula mayai siku zote hizi kwa ajili yenu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Fainali ilikuwa inataka kuanza. Clive Penhall alikuwa peke yake studio, mkono kwenye swichi, akisubiri sauti ya Kelvin Rodda kutoka kiwanjani. Kelvin ametangaza mpira wa Wirrapunda, mji wetu, tangu alipokuwa na nywele, akiwa amekaa nyuma ya pikapu yake na mbwa wake miguuni. Siku ile aliirudisha pikapu nyuma kidogo apate kuona vizuri. Tairi lake mwenyewe likapanda juu ya waya wake mwenyewe.

Na hakujua! Alivaa vipokea sauti, akakohoa, akaanza: "Wapenzi wasikilizaji, hamjambo popote mlipo!"

Popote walipo hawakusikia kitu. Kelvin alitangaza fainali nzima kwa moyo wake wote, mishipa ya shingo imemtoka, na aliyemsikia ni mbwa.

Mtasema, si wangepigiana simu za mkononi? Siku ya fainali Wirrapunda yote na Kaldara yote, mji wa wapinzani wetu, wanajazana sehemu moja, na mnara wetu mmoja unazimia kabla ya mchana. Mtasema, si Clive angekimbia hadi kiwanjani? Clive ana magoti mawili na yote mawili hayamtii.

Kwa aliyechelewa kutufuata: Clive ndiye aliyekuwa Doug. Ndiyo, Doug yule wa kwenye tamthilia ya televisheni, mwenye baa, aliyetatua matatizo ya watu kila jioni kwa miaka kumi na minane huku akifuta glasi ileile. Kisha mkubwa wa tamthilia hiyo kule Sydney, Grantley Voss, akaona Doug amezeeka, akaamuru kwenye hadithi lori la maziwa lirudi nyuma limkanyage. Nchi ikalia siku mbili, ikasahau. Mtu ambaye kila mmoja amemwona akizikwa, nani atampa kazi nyingine? Clive akaishia kwetu, kwenye redio ya jamii ambayo hakuna anayelipwa hata chai. Akapewa kipindi cha asubuhi. Kila mtu mjini anamwita Doug, na yeye anaitika.

Tatizo lake ni kwamba hawezi kusoma kitu jinsi kilivyo. Mwezi uliopita aliletewa taarifa ya hali ya hewa: kukavu, hakuna mvua. Akaiona imepooza. Akatangaza radi, ngurumo na upepo wa kung'oa mabati. Kanisa likaahirisha gulio lake. Lorraine Wundersitz akaanua nguo zingali mbichi. Jua likawaka mpaka jioni.

Beryl Nankivell, mwenyekiti wa redio, mama wa miaka sabini na ushee mwenye mabega ya kubebea magunia, alimwapisha mbele ya kamati nzima.

"Sema unachokiona, Doug. Kama hukukiona, piga muziki. Ukitunga tena kitu kimoja tu, hata kama ni mbu, utanirudishia ufunguo wa mlango. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Beryl."

"Hii si televisheni. Watu wanaanua nguo kwa maneno yako."

Clive alikula kiapo, na hakula kwa utani. Ufunguo ule ndio kitu pekee alichokuwa nacho duniani cha kumwamsha asubuhi.

Sasa basi. Waya kimya. Clive akanyoosha mkono achukue muziki wa kinanda, ule wa Beryl, ambao hata kuku wakiusikia wanaacha kutaga.

Simu ya studio ikalia.

"Doug! Mbona kimya?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Otto Wundersitz, kutoka hospitali yetu ndogo. Otto alikuwa kwenye timu ya mwisho iliyowahi kutwaa kombe, zamani za kale. Jarrod, mjukuu wake, ndiye mshambuliaji wetu sasa.

"Kuna hitilafu kidogo, mzee."

"Hitilafu? Sisi hapa wodini tumeshavaa skafu, mwanangu. Mwenzangu wa kitanda cha dirishani amekataa kufa tangu Jumatano akisubiri mchezo huu. Tangaza!"

"Mzee, mimi sioni kiwanja."

"Na mimi sioni kabisa, nina mtoto wa jicho. Tangaza!"

Akakata.

Clive akasimama katikati ya studio, maji yamemfika shingoni. Kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti ya nje isiingie, na hakuna dirisha. Ghafla akasikia kitu kwa mbali. Poo! Poo! Poo!

Honi.

Kwetu hakuna anayepiga makofi mpirani. Watu huegesha magari kuzunguka uwanja, wanakaa ndani na pai zao za nyama, na goli likiingia wanapiga honi. Sisi upande wa maghala ya ngano, wageni upande wa kijito kikavu. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, na mtu akijaribu kuegesha upande usio wake ataondoka bila kioo.

Clive akaifuata sauti. Ikampeleka chooni. Kule juu ya tangi la maji kuna kidirisha kimoja, kidogo, kimepakwa rangi, kimebaki wazi upana wa vidole viwili. Honi zikaingia safi kama mtu anapiga mlango wa pili. Za kwetu zinagonga maghala na kurudi mara mbili. Za Kaldara zinafika mara moja, nyembamba.

Akamfikiria Beryl, akaufikiria ufunguo. Akamfikiria yule wa kitanda cha dirishani.

Kisha akaivuta maikrofoni na waya wake wote mpaka chooni, akafunika bakuli, akaketi juu ya mfuniko, akawasha.

"Na hilo ndilo goli la kwanza, wasikilizaji! Wirrapunda! Jarrod Wundersitz, kutoka mbali, mpira umepaa, umepinda, umeingia katikati ya milingoti kama unarudi nyumbani kwake!"

Kule hospitali, wazee wakapiga vikombe kwenye vitanda.

Basi ikawa hivyo. Honi ikilia mara mbili, goli letu. Ikilia nyembamba, la kwao. Mpira wetu wenye umbo la yai goli lake ni pointi sita, na ukikosa kidogo unapewa pointi moja ya pole. Pointi za pole hazina honi, kwa hiyo hizo Clive alizigawa mwenyewe kwa kadiri ya huruma yake.

Wachezaji wetu aliwajua majina. Wa Kaldara hakumjua hata mmoja. Ikabidi awape. Na jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa Grantley.

"Grantley anaupata mpira. Grantley anateleza. Lo, Grantley ameanguka kifudifudi, wasikilizaji, na sioni mtu yeyote, narudia, yeyote, anayekwenda kumsaidia!"

Katika robo ya kwanza Grantley aliangushwa mara saba. Katika ya pili alipasuka kaptula. Mwangwi wa choo uliifanya sauti ya Clive iwe nzito, yenye uwanja mzima nyuma yake. Otto baadaye aliapa kwamba alisikia umati.

Kabla ya mapumziko zikasikika honi fupifupi kutoka pande zote mbili, pi-pi-pi, bila mpangilio. Clive akachanganyikiwa. Goli haliwezi kuwa la wote.

"Mbwa!" akasema. "Mbwa ameingia uwanjani! Ameuchukua mpira! Anakimbia nao, refa anamfukuza, Grantley anamfukuza, mbwa anawapiga chenga wote!"

Siwezi kuwadanganya, mwenyewe nilikuwa nyumbani na mguu uliovunjika, nikisikiliza. Nilicheka mpaka plasta ikauma.

Robo ya nne ilimkuta Clive ameloa jasho. Kwa hesabu ya honi timu zilikuwa sawa. Hakujua nani anaongoza na hakuna mtu wa kumuuliza. Koo lilikuwa limekauka, akanywa maji kwenye bomba la kunawia mikono.

Ndipo honi ikaanza kulia upande wa maghala. Haikuwa poo, poo, poo. Ilikuwa honi ndefu, gari baada ya gari, watu wameegemea usukani hawatoi mikono, hadi trei za mayai zikatikisika studio.

Kwetu honi ya namna ile inapigwa mara moja tu: fainali inapokwisha na umeshinda, unaegemea honi mpaka betri ife.

"Imekwisha!" akapiga kelele, na machozi yakamtoka kweli, hayakuwa ya kuigiza. "Imekwisha, wasikilizaji! Wirrapunda ni mabingwa! Mzee Otto, vua skafu uipunge! Kombe limerudi nyumbani!"

Haikuwa imekwisha.

Kilichotokea kule ni kwamba refa alitunyang'anya mpira wa wazi kabisa akawapa Kaldara, Kaldara wakiwa mbele kwa pointi nne, muda umebaki kiduchu. Honi ile ilikuwa matusi. Nusu ya mji ilikuwa inamtukana refa kwa betri.

Sasa sikieni balaa lilivyozaliwa.

Kwetu mabingwa hupandishwa juu ya gari la zimamoto, king'ora kinalia, wanapitishwa barabara kuu mpaka baa. Siku ya fainali lazima mtu mmoja wa zimamoto abaki zamu kituoni, maana moto haujui sikukuu. Siku ile alibaki Lorraine Wundersitz. Ndiyo, yule wa nguo mbichi. Binti wa Otto, mama mzazi wa Jarrod. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, redio pembeni, analia kama mtoto kwa furaha.

"Mwanangu bingwa!" akasema peke yake. Akaruka ndani, akawasha gari, akawasha king'ora, akakanyaga mafuta.

Uwanjani, mchezaji wa Kaldara ameshika mpira. Mara wote wakasikia: wiiiuuu, wiiiuuu, wiiiuuu!

King'ora! Kwetu mechi humalizwa kwa king'ora, si kwa filimbi. Imekwisha!

Yule wa Kaldara akaurusha mpira juu, akamkumbatia mwenzake. Kocha wao akavuka mstari anakimbia na kiti mkononi, sijui alitaka kukifanyia nini. Wetu wakaanguka chini wamejifunika nyuso. Upande wa kijito honi zikaanza.

Mtu mmoja tu hakusimama. Jarrod ni wa zimamoto pia. Kila Jumamosi asubuhi hulisugua gari lile mpaka kwenye vifuniko vya matairi, na king'ora kile hukijaribu yeye. King'ora cha uwanja kinalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, na mbuzi alikuwa bado.

Mpira ukadunda mbele yake. Akauokota. Akakimbia na uwanja mzima uko wazi, watu wa Kaldara wanabusiana, akafika mbele ya milingoti, akaupiga.

Refa, ambaye naye alikuwa hajamsikia mbuzi, akanyoosha vidole viwili. Goli!

Kisha, mee! Mbuzi akalia.

Wirrapunda mabingwa kwa pointi mbili.

Nawaacha mfikirie zogo lililofuata. Kiti cha kocha kilipata kazi. Lakini zogo halikuwa baya kama maneno. Maana watu wa Kaldara si wajinga, waliunganisha mambo.

"Nani alikuwa anaendesha lile gari?"

"Mama yake."

"Mama wa nani?"

"Wa huyo huyo aliyefunga!"

"Wezi! Wamepanga familia nzima!"

Wakalizunguka gari la zimamoto. Lorraine ndani, mikono kwenye usukani, analia sasa kwa sababu nyingine.

"Nilisikia redioni!" alikuwa anarudia. "Doug alisema imekwisha! Muulizeni Doug!"

Ewen Gluyas, mkuu wa ligi, mtu mrefu asiyecheka hata akitekenywa, akalifunga kombe kwenye taulo, akaliweka kwapani.

"Hapati mtu kombe hili," alisema, "mpaka nimsikie huyo Doug."

Studio, Clive bado yuko chooni, anashusha pumzi, amefurahi, hajui lolote. Mlango wa mbele ukagongwa ukafunguka. Akaingia Gluyas na kombe. Akaingia Beryl, aproni yake inanuka vitunguu, maana mchana kutwa alikuwa anakaanga soseji pale uwanjani. Akaingia Kelvin, amepoteza sauti, mbwa nyuma yake.

"Doug?" Beryl akaita. "Uko wapi?"

"Huku."

"Chooni?"

"Ndiyo."

"Tutasubiri umalize."

"Hapana, ingieni tu."

Wakaja wakasimama mlangoni, wamebanana. Walimkuta amekaa juu ya mfuniko na maikrofoni mapajani. Taa yake nyekundu, ya kuonyesha sauti inarushwa hewani, ilikuwa inawaka. Beryl aliiona, akataka kusema neno, Gluyas akawahi.

"Acha iwake. Watu wote wamerudi ndani ya magari yao, wamewasha redio, wanasikiliza. Bora wasikie. Doug, nitakuuliza jambo moja. Nani alikwambia mechi imekwisha?"

"Kwani haikuisha?"

"Jibu."

Akaelezwa. King'ora, Jarrod, kiti, Lorraine aliyezingirwa ndani ya gari. Clive uso ukamshuka taratibu.

"Kaldara wanasema hivi," Gluyas akaendelea. "Hakuna mtu aliyekuona uwanjani. Kwa hiyo hukuona mwenyewe, uliambiwa. Na aliyekwambia utoe ishara ile ni Jarrod au mama yake. Ikiwa ni hivyo, goli ni la wizi, kombe ni la Kaldara, na kijana hatacheza tena mpira ligi hii maisha yake yote. Ikiwa si hivyo, niambie ulijuaje."

"Si Kelvin alikuwa anampa kila kitu kwa waya?" Beryl akasema. "Kelvin, ulimwambia imekwisha?"

"Mimi?" Kelvin akakoroma. "Mimi nilisema refa ni ng'ombe. Sikusema imekwisha."

Beryl hakujua kwamba waya ulikatika. Hakuna aliyejua. Clive akaliona tundu la kupenya, pana kama lango la kanisa. Angesema, nilimsikia Kelvin vibaya, waya ulikuwa unakwaruza. Basi. Kiapo hakikuvunjwa, ufunguo unabaki mfukoni. Lakini Kelvin angekana, yeye na sauti yake iliyokatika, na Kaldara wangecheka, na Lorraine angebaki ndani ya gari akiitwa mwizi.

Mwigizaji wa miaka yote ile, uongo ulikuwa umeshakaa kwenye ulimi. Naomba niseme wazi, mimi ningeutoa.

Clive akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Jina langu ni Clive Penhall," akasema. "Sikuambiwa na mtu. Sikuona kitu. Waya wa Kelvin ulikuwa umekatika tangu mwanzo."

"Umekatika?" Kelvin akashika ukuta. "Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, rafiki yangu. Samahani."

"Mechi nzima nilikuwa naongea na nani?"

Mbwa alimwangalia.

"Nilikaa hapa," Clive akaendelea, "nikasikiliza honi kwenye hicho kidirisha. Mengine yote nilitunga. Pointi nilitunga. Kaldara hawana mchezaji anayeitwa Grantley, huyo ni mtu mmoja niliyekuwa nataka aanguke. Nilisikia honi ndefu, nikadhani ni furaha, kumbe ni hasira. Lorraine alinisadiki, basi. Kosa lake ni kunisadiki mimi. Jarrod hana kosa lolote. Nilikula kiapo nisitunge tena, nimekivunja kuanzia dakika ya kwanza."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Beryl.

Simu ikalia. Kelvin, ambaye hakuwa na sauti tena ya kumtumia mtu, akaileta mlangoni na waya wake, akaibonyeza isikike. Ilikuwa hospitali.

"Otto hapa. Kwa hiyo yote yalikuwa ya kutunga?"

"Yote, mzee. Nisamehe."

"Hata mbwa?"

Clive akainamisha kichwa. "Hata mbwa."

"Hapana," Kelvin akasema kwa kukwaruza. "Mbwa alikuwepo. Ni huyu."

Kule wodini kikasikika kicheko cha wazee wengi, na vikombe kwenye vitanda.

"Huyu wa dirishani anasema ni mechi nzuri kuliko zote alizowahi kuona," Otto akasema. "Na anasema sasa ana njaa."

Gluyas akalifungua taulo.

"Njama inahitaji akili," akasema. "Hapa sijaiona. Goli ni goli. Kombe ni la Wirrapunda."

Nje, hata kupitia mlango, ungesikia mji ukipumua. Lorraine aliachiwa. Lakini Beryl hakucheka. Alikuwa ameukunja mkono juu ya ufunguo.

"Mimi ndiye niliyetunga sheria, Doug," akasema, na sauti yake haikuwa kavu kama kawaida. "Siwezi kuivunja kwa sababu tumeshinda."

"Najua."

"Ungekaa kimya usingejulikana."

"Najua, Beryl."

Simu ikalia tena. Kelvin akabonyeza bila kufikiri.

"Doug? Doug, mpenzi wangu! Ni Grantley!"

Clive akaruka kutoka kwenye mfuniko. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Mji mzima ulikuwa ndani ya magari, masikio wazi.

"Nisikilize, hatuna muda. Watazamaji wanatukimbia. Tumekaa, tumekubaliana: Doug hakufa! Lile lori lilimgonga tu, akapoteza kumbukumbu, amekuwa akitangatanga vijijini. Tunakutaka Jumatatu asubuhi, Sydney, mwigizaji mkuu, jina lako likitangulia mengine yote. Unasemaje? Achana na hicho kijishimo ulichojificha!"

Kijishimo! Gluyas aliangalia viatu vyake. Kelvin aliangalia mbwa. Kule nje hakuna hata mtu aliyefunga mlango wa gari.

Beryl akaunyoosha mkono, akauweka ufunguo juu ya tangi la choo, karibu na sabuni.

"Kamati inakaa Jumatatu asubuhi," akasema. "Kuna mjumbe mmoja atakayepiga kura tofauti na sheria yake mwenyewe, kama mtu husika atakuwepo. Kama hayupo, hakuna haja ya kura. Ni juu yako, Clive."

Miezi kumi na moja tangu Clive aje kwetu, na ndiyo mara ya kwanza Beryl kumwita hivyo.

"Doug?" Grantley akaita simuni. "Doug, uko hapo?"

Ndipo honi ikalia. Moja, kutoka upande wa maghala. Ikafuata ya pili. Kisha zote, pande zote mbili, ndefu, watu wameegemea usukani hawatoi mikono.

Clive akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Mtu aliyetangaza fainali nzima kwa masikio akageuka kuwatazama wenzake kama aliyepotea.

"Hii ni furaha au hasira?" akauliza.

"Mimi sijui," Beryl akasema. "Angalia."

Clive akapanda juu ya mfuniko wa choo kwa magoti yake mabaya, Kelvin akamshika kiuno. Akakisukuma kile kidirisha kilichopakwa rangi. Kilikuwa kimegoma miaka mingi, kikatoa mlio, kikafunguka chote. Jua likamwingia usoni.

Barabarani, gari la zimamoto lilikuwa linakuja moja kwa moja kuelekea redio. Lorraine yuko kwenye usukani, macho mekundu, hakufuta. Timu yote iko juu, na nyuma yao magari ya Wirrapunda na ya Kaldara yamechanganyika, kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwetu. Juu kabisa katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Mbele ya nafasi hiyo amesimama Jarrod. Ameshika bomba la maji la zimamoto kwa mikono miwili, na amelielekeza dirishani.

"Doug!" Grantley akapiga kelele. "Nahitaji jibu lako sasa hivi!"

"Subiri kidogo," Clive akamwambia. Akashusha mkono nyuma, Beryl akamwekea maikrofoni kiganjani.

"Wasikilizaji," akasema, "hiki ninachotaka kuwaambia nakiona kwa macho yangu mawili."

Jarrod akafungua koki. Na hapo ndipo ninapowaacha mpaka wiki ijayo.